Mhasibu Katika Karakana

Niliajiriwa katika idara ya fedha ya kampuni moja ya mitambo mjini Shinyanga katikati ya miaka ya sabini, nikiwa nimetoka chuo cha biashara. Kampuni yetu iliuza na kutengeneza mashine za kusaga, pampu za maji na jenereta. Kwa mji ule na kwa wakati ule, hakuna aliyetuzidi kwa mambo ya kiufundi. Wakulima waliokuja mjini kuuza pamba walikuwa wakisimama kwenye uzio wetu na kutazama injini ikijaribiwa, wengine wakiwa na watoto mabegani.

Siku ya kwanza nilivaa gauni lililopigwa pasi na viatu vyeupe. Mhasibu mkuu alikuwa mzee wa Tabora, mtu wa swala tano, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia ilibidi uache unachofanya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaviangalia viatu vyangu.

"Hivyo umevinunua kwa ajili ya kazi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi vitunze. Kesho njoo na vingine. Utaanzia karakana."

Nilidhani ameniona sifai kukaa ofisini. Niliposita, akanivutia kiti. "Mwanangu, huwezi kuniambia pampu imetugharimu kiasi gani kama hujui pampu inafanya nini. Kaa na wale watu. Ukirudi, uniambie mitambo yao inaharibikia wapi na kwa nini. Hesabu utazikuta hapa hapa, haziendi popote."

Karakana ilikuwa ng'ambo ya uwanja, hatua chache tu kutoka ofisini, lakini watu wa pande hizo mbili hawakutembeleana. Mhandisi mkuu alikuwa mwanaume wa Ushirombo, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, aliyekuwa amesomea uhandisi Ulaya kwenye theluji na kurudi na shahada, ndevu na haraka ya kuongea. Idara ya fedha alikuwa ameibatiza jina: Ofisi ya Hapana.

"Umetumwa kutuhesabia misumari?" aliniuliza.

"Nimetumwa kujifunza, mhandisi."

"Kujifunza nini?"

"Pampu, kwa kuanzia."

Mafundi wakacheka. Akaninyooshea kidole pipa tupu la oili nikae hapo nisiwe njiani. Nikakaa. Siku za mwanzo hakuna aliyenisemesha zaidi ya salamu, nami sikujilazimisha. Nilitazama wanavyofungua vitu na kuvifunga. Niliuliza jina la hiki na kazi ya kile, na nisipoelewa nilisema sijaelewa. Chuoni nilikuwa nimejifunza kutoonyesha kwamba sijui. Kule karakana tabia hiyo ilinitoka yenyewe, kwa sababu mafundi walikuwa wanajua nisichojua hata kabla sijafungua mdomo.

Kilichobadilisha mambo ni swali moja. Niliona pampu mbili za aina moja mezani, zimenunuliwa pamoja. Moja ilitoka kwenye bustani ya mboga na ilihitaji kusafishwa tu. Nyingine ilitoka machimboni, kwa wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Geita, na ilikuwa imelika ndani kama jino bovu. Nikamuuliza mhandisi kwa nini tunaziuza kwa masharti yale yale.

Akaacha alichokuwa anafanya. "Nani amekwambia uulize hivyo?"

"Hakuna. Nimeziona tu."

Akavuta stuli, akakaa, akaanza kunieleza habari za mchanga na tope linalotoka kwenye maduara, yaani yale mashimo wanayochimbia, na jinsi linavyokwangua chuma. Alieleza mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo, akifungua kitu kigumu alikuwa akiniita mwenyewe: "Njoo mama, njoo uone hii." Jioni nikirudi nyumbani mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisema harufu ya dizeli inatangulia kuingia kabla yangu. Alisema akicheka, akinichukulia mkoba.

Niliporudi ofisini nilikuwa mtu mwingine. Hesabu zilikuwa zile zile, lakini sasa kila mstari nilikuwa nauona una sura. Mhasibu mkuu alinisikiliza nikimweleza habari za pampu za machimboni, kisha akasema tubadilishe masharti yake ya mauzo, na tukabadilisha. Hakunisifu. Alinipa kazi ngumu zaidi, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake.

Miaka ikapita, nikazaa watoto, nikapandishwa cheo. Ndipo ikaja ile miaka ya mwanzo ya themanini, ambayo aliyeiishi hahitaji kuelezwa. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, sukari ya kupanga foleni, na vipuri kutoka nje vilikuwa kama habari za ndoto. Kuagiza kifaa kidogo cha injini kulihitaji kibali cha fedha za kigeni, na kibali kilitoka kilipotaka. Vijijini mashine za kusaga zilisimama moja baada ya nyingine.

Mhandisi akaja na wazo. Tujitengenezee vipuri wenyewe. Alitaka mashine ya kuchongea vyuma, na pia tanuri la kuyeyushia chuma ili tuweze kusubu vitu vizima vizima, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu. Aliuchora mpango wake kwenye karatasi kubwa, akaubandika ukutani kwa meneja mkuu. Ulikuwa mchoro mzuri. Meneja akauliza idara ya fedha inasemaje, na mhasibu mkuu akaniita.

"Hii ni yako," alisema. "Mimi nitakuwepo kwenye kikao cha bodi, lakini utakayesema ni wewe."

"Mzee, nikisema hapana mhandisi hatanisalimia tena. Nikisema ndiyo na ikashindikana, kampuni itaanguka."

"Kwani ni lazima uchague kati ya hayo mawili?"

Nilikaa na swali lake siku nzima. Kesho yake nikavuka uwanja, nikamwomba mhandisi tusafiri pamoja, tuone mashine zilizosimama, kabla sijaandika hata mstari mmoja. Alikubali haraka, nadhani kwa sababu aliamini kila tutakachokiona kitamuunga mkono.

Tuliondoka na gari la karakana asubuhi. Tulipofika Didia, nilikozaliwa, tukasimama kwa mama yangu. Alitupa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kikapu, na alipomuona mhandisi na ndevu zake akaniuliza kwa Kisukuma kama huyu ndiye padri mpya. Mhandisi alielewa, akacheka hadi akashika mlango wa gari. Safari ikawa nyepesi baada ya hapo.

Masumbwe tulimkuta mama mmoja mjane, mwenye mashine ya kusaga aliyoinunua kwetu. Nyumba ya mashine ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na nyuma yake wanawake walikuwa wanatwanga kwenye vinu.

"Mwadila, mayu," alinisalimia, kisha akatugeuzia Kiswahili. "Mmekuja kuitengeneza au kuitazama?"

"Leo kuitazama, mama," nilisema.

"Walikuja wengine wakaitazama pia."

Akafungua. Mhandisi akajipenyeza chini ya mashine na tochi. Alipotoka alikuwa na vumbi la unga wa zamani kichwani. "Shafti imelika. Injini ni nzima. Kila kitu kingine ni kizima."

"Shafti peke yake?" nikauliza.

"Shafti peke yake."

Mama yule akatushangaa. "Mnataka kusema nimekaa muda wote huu bila kusaga kwa ajili ya fimbo ya chuma?"

Mhandisi akaipima ile shafti, nami nikaandika vipimo. Tukaendelea hivyo, kituo kwa kituo, hadi Runzewe, tukaingia pia kwa wachimbaji waliokuwa na pampu zetu. Kila mahali nilimwacha mhandisi afungue, mimi nikawa nazungumza na wenye mali. Niliwauliza ilisimama lini, walifanya nini ilipokufa, na kama kipuri kingepatikana Shinyanga wangekifuata au wangengoja fundi aje. Mchimbaji mmoja alinijibu, "Dada, wewe sema kipo. Nitakuja hata kwa mguu." Picha ikawa inajichora yenyewe. Karibu vyote vilivyokufa vilihitaji kuchongwa, yaani shafti, bushi na puli ndogo. Vilivyohitaji kusubiwa kwenye tanuri vilikuwa vichache sana.

Mhandisi naye alikuwa anaona. Alikuwa mtu mwerevu, na kadiri tulivyosogea magharibi ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Jioni, tukiwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni Runzewe, jua likiwa bado lipo, niliamua kumwambia. Ningeweza kungoja kikao. Wengine wa idara yangu wangengoja, wamuumbue mbele ya bodi, waonekane mahodari. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye pipa lake la oili, nikanywa chai yake, na niliona si haki asikie kutoka kwangu mara ya kwanza mbele ya watu.

"Mhandisi, nitaunga mkono mashine ya kuchongea. Tanuri sitaliunga mkono. Si kwa sasa."

Akaweka kikombe chini. "Nilijua. Ofisi ya Hapana."

"Sijasema hapana. Nimesema si kwa sasa. Wewe mwenyewe umeona tulichokiona."

"Nimeona. Lakini ninyi mnaona kilichovunjika leo. Mimi naona siku tutakapotengeneza mashine nzima hapa hapa, kwa mikono yetu. Nani atalifikiria hilo kama si mimi?"

"Wewe ndiye wa kulifikiria. Mimi nafikiria tutafikaje huko bila kuishiwa njiani."

Akainuka, akaenda kutembea barabarani. Sikumfuata. Nilimheshimu, na kumpoteza rafiki kwa ajili ya karatasi ni jambo baya. Lakini sikujutia kusema.

Asubuhi alinikuta nikila mihogo ya kuchemsha. Akakaa, akachukua kipande kwenye sahani yangu bila kuomba.

"Tanuri usilifute," alisema. "Liandike la baadaye. Niambie mashine ya kuchongea ifanye nini ndipo tanuri lije."

Tukaandika sharti hilo pamoja, pale pale mezani, huku tukibishana neno kwa neno. Mashine ikishajilipia, na wateja wanaotaka vitu vya kusubu wakiwa wamefika kiasi fulani, tanuri linajadiliwa upya, dogo kwanza. Njia nzima ya kurudi alikuwa akinieleza namna ya kulipunguza lile tanuri lake.

Kikao cha bodi kilifanyika katika chumba kirefu chenye mapazia ya kijani. Wajumbe wengi walikuwa wazee wa wilaya zetu, watu wa ng'ombe na pamba, ambao hawakusoma uhasibu wala uhandisi lakini hawakuwa watu wa kudanganywa. Nilikuwa nimeona wenzangu wakiwasomea maneno magumu mpaka wakasinzia. Mimi niliiweka karatasi pembeni.

"Wazee wangu," nilisema, "mtu ana jembe la ng'ombe, ulimi wake umelika. Ng'ombe ni wazima, mti ni mzima. Hanunui ng'ombe wapya. Anatafuta ulimi. Mashine nyingi huko vijijini zimekufa ulimi tu. Tunachoomba ni chombo cha kutengeneza ndimi."

Wakaangaliana. Mmoja wao, mzee wa upande wa Geita, akaniuliza, "Na kibali cha fedha za kigeni kikichelewa, binti?"

"Hilo silijui, mzee."

Meneja mkuu akakohoa. Nikaendelea: "Hakuna anayelijua. Ninachoweza kusema ni tutafanya nini kikichelewa. Kuna mashine iliyotumika, inauzwa Mwanza, kwa shilingi zetu wenyewe. Ni ndogo kuliko tunayoitaka, lakini inachonga shafti. Mhandisi ameshaikagua."

Mhandisi akaitikia kwa kichwa. Yule mzee akaegemea kiti. Baadaye aliniambia kuwa angepiga kura ya kukataa kama ningemwahidi kwamba kibali kitakuja.

Ndipo meneja mkuu akaleta jambo ambalo hatukulitegemea. Kwa kuwa fedha zinatengwa, alisema, basi humo humo litoke gari jipya la ofisi. Huyu ndiye aliyekuwa anasaini barua za kupandishwa vyeo. Nikamtazama mhasibu mkuu, naye akawa anatazama mapazia. Nikaelewa kwamba ananiachia.

"Mzee, gari tunalihitaji, hata mimi nimesafiri na lile la karakana na mgongo wangu ni shahidi," nilisema, na wachache wakacheka. "Lakini likitoka kwenye fungu hili, mashine itakuja bila visu vyake vya kuchongea. Tutakuwa tumenunua chuma cha kutazama. Naomba gari lije na hesabu yake peke yake, nami nitakusaidia kuiandaa."

Meneja akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akasema, "Haya. Nitakudai hiyo hesabu." Na kweli alinidai, nikamwandalia, na gari likapatikana mwaka uliofuata.

Kibali kilichelewa kama tulivyohofu. Tukainunua ile ya Mwanza. Ilikuja kwa treni, na nusu ya mji ilikuja stesheni kuiona ikishushwa kwa magogo na kamba. Shafti ya kwanza iliyochongwa ilikwenda Masumbwe kwa yule mama mjane. Sikuwepo alipoifungua nyumba yake ya mashine, lakini aliniletea kuku, akamsafirisha kwenye lori la pamba, akiwa amefungwa miguu kwa kitambaa chekundu ili asichanganywe na wa mtu mwingine.

Si kwamba kila nilichokisia kilitokea. Nilidhani wenye mashine za kusaga ndio watakaotujaza, kumbe wachimbaji walikuja kwa wingi kuliko wao, na bushi za pampu zikawa zinatushinda. Mara nilipoona hivyo nilikwenda kwa meneja na kwa mhandisi siku hiyo hiyo, nikawaambia makisio yangu hayafai tena, nikawapa mapya. Mhandisi akaongeza zamu ya kazi. Hakuna aliyenishika uchawi. Niligundua kwamba watu wanamwamini zaidi anayesahihisha hesabu yake mapema kuliko anayejifanya hakosei, na kugundua hivyo kuliniondolea mzigo ambao sikujua nimeubeba.

Tanuri nalo lilijengwa hatimaye, dogo, nyuma ya karakana. Kitu cha kwanza kilichosubiwa kilipasuka, cha pili kikatoka vizuri, na mhandisi akalipia soda za kila mtu, wa karakana na wa ofisini. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka nani ni wa upande gani wa uwanja.

Mhasibu mkuu alipostaafu na kurudi Tabora, nafasi yake nikapewa mimi. Nilipokuwa naajiri vijana, vyeti vyao nilivisoma haraka tu, kisha niliwatembeza karakana na kusikiliza wanauliza nini. Wapo waliouliza choo kiko wapi, na wapo waliouliza kwa nini ile injini inatoa moshi mweusi. Hao wa pili niliwachukua, hata kama hesabu zao zilikuwa za wastani, kwa sababu hesabu nilijua kuzifundisha.

Siku hizi mtoto wa dada yangu anafanya kazi ya fedha kwenye kampuni ya kompyuta Dar es Salaam. Ananisimulia wahandisi wake wanaotaka kila kitu leo, na wakubwa wanaotaka jibu lisilo na "sijui" ndani yake. Namsikiliza na kumuuliza kama ameshakaa nao wakimweleza wanachokitengeneza. Anasema amekaa. Sina wasiwasi naye.

Mimi mwenyewe, mwishoni mwa miaka ile ya themanini, niliitwa Dar es Salaam na kampuni kubwa iliyotaka mkuu wa fedha. Nilikwenda, maana mshahara ulikuwa wa kutamanisha. Walinipokea vizuri, wakanionyesha ofisi yenye zulia na dirisha linalotazama barabara kuu. Nikawauliza kiwanda chao kiko wapi. Wakaulizana wao kwa wao. Mmoja alidhani ni barabara ya uwanja wa ndege, mwingine akasema kilihamishwa. Walikuwa watu wema na sikuwaona wabaya, ila niliona kwamba pale ningekuwa mtu wa kusoma karatasi tu hadi nizeeke.

Nikawashukuru, nikapanda treni. Mume wangu alinipokea stesheni ya Shinyanga na baiskeli, watoto wawili wakiwa wamemning'inia.

"Vipi, tunahama?" aliuliza.

"Hatuhami."

Akaniangalia usoni kuhakikisha, akafunga begi langu kwenye karia, tukaenda nyumbani kwa miguu, watoto wakitangulia.